Kisuba Katika Chumba cha Kiaislandi

Nikianza na alikozaliwa na ukoo wake atanikasirikia, maana hakupenda kuulizwa hayo, na mimi nimeshamkosea vya kutosha. Tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha shule za msingi hadi akastaafu, lakini mimi nilimjua akiwa mhakiki wa maneno katika ofisi yetu ndogo ya tafsiri kule Upper Hill, Nairobi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Alikuja kila Alhamisi. Afadhali niseme mapema, msije mkanidhania mtu mwema: kazi aliyoihangaikia huyo mama miaka na miaka niliifuta mimi, kwa kidole changu hiki, halafu nikakosa ujasiri wa kumwambia.

Neno lake lilikuwa "Nani alisema?" Ukimwambia jioni kutanyesha, nani alisema? Ukimwambia mshahara utachelewa, nani alisema? Siku moja bosi wetu, bwana mnene aliyekuwa na haraka hata akiwa ameketi, aliingia akitangaza kwamba kuna wageni wanakuja kutupa kazi ya mwaka mzima. Mwalimu hakuinua hata kichwa.

"Nani alisema?"

Bosi akajikuna shingo. "Si ni mtu tu aliniambia, Mwalimu."

"Mtu ana jina."

Wageni hawakuja, na tangu siku hiyo bosi akawa akitaka kutangaza kitu anachungulia kwanza kama Mwalimu yuko. Mimi nilicheka sana wakati huo. Sikujua swali hilo lingekuja kunigeukia.

Lilitoka kwenye kadi zake. Alikuwa akikata kalenda za zamani, zile nene za ukutani, vipande vya ukubwa wa kiganja. Upande mmoja ungeona nusu ya twiga au kona ya jengo la benki, upande wa pili ameandika kwa mwandiko wa ubaoni, ulionyooka kama mstari wa watoto asubuhi: neno juu, maana katikati, na chini jina la aliyelisema na mahali alipokuwa ameketi alipolisema. Kadi isiyo na jina la mtu aliichana. Nimemwona akiichana moja na machozi yanamlengalenga, kwa sababu mgonjwa aliyempa neno hilo alikuwa amehamishwa wodi kabla hajamuuliza jina.

Maneno yenyewe yalikuwa ya Kisuba, lugha ya mama yake, ya watu wa kando ya ziwa na visiwani kule magharibi. Hata huko kwao, alisema, watoto walikuwa wameshahamia Kiluo, na wazee waliobaki nayo walikuwa wanapungua. Hakukusanya hadithi wala nyimbo. Alitaka maneno ya mwili na ugonjwa peke yake: mahali panapouma, namna panavyouma, homa inavyoanza, mtoto anavyokaa tumboni. Aliyapata hospitalini, palepale mlimani karibu na ofisi yetu, kwenye mabenchi ya wagonjwa waliotoka mbali.

Na sasa nieleze alivyokuwa akiingia wodini, maana hapo ndipo alipokuwa akinishangaza. Mwanamke huyu, ambaye hangekubali umwambie saa bila kukuuliza umeitoa wapi, alikuwa anamdanganya askari wa geti kila wiki, mchana kweupe. Alibeba chupa ya uji na kusema anamletea wifi yake. Wifi gani? Hakuwahi kuwa na wifi mle. Wifi huyo alilazwa miaka, jamani, akaugua magonjwa yote yaliyopo, mpaka askari akaanza kumpa pole kwa moyo. Nilimuuliza mara moja kama huo si uongo.

"Uji ni wa kweli," akanijibu. "Kuna mtu anaunywa."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Aliugawa wote, na mara nyingi kwa mtu ambaye hakuwa na neno hata moja la kumpa.

Nyumbani kwake ni Waithaka, nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, kimoja amempangisha fundi wa viatu. Majirani walimsalimia kwa Kikuyu naye akaitikia kwa Kikuyu safi kabisa. Watoto wake wawili, watu wazima, walizungumza Sheng na Kiingereza, na Kisuba hawakujua hata cha kuombea maji. Niliposhangaa alikasirika, kisha akacheka, kisha akakasirika tena. Alisema alipokuwa akiwalea alikuwa na madarasa mawili, mume mgonjwa, na hofu kwamba wataonekana washamba. Kisuba alikuwa akizungumza na kuku. Nimesikia mwenyewe, amesimama uani na sufuria ya makombo, anawagombeza kuku kwa lugha ya mama yake, kuku wa Waithaka, na wanamsikiliza.

Kuhusu huyo mama yake alinisimulia mara moja tu. Mvua ilikuwa imetuzuia mlangoni, chini pale kwenye duka la dawa, na mbele yetu watu wanakimbia na magazeti kichwani. Alisema mama yake aliletwa Nairobi akiwa mahututi, na wakati huo Kiswahili na Kiluo vilikuwa vimeshamtoka, amebaki na Kisuba cha utotoni. Daktari akamgeukia binti, mwalimu mzima, amtafsirie. Mama akataja mahali panapomuuma, akarudia, akarudia tena.

"Sikulijua neno," Mwalimu akasema. "Niliona aibu kusema sijui. Nikamwambia daktari ni tumbo. Halikuwa tumbo."

Nikamwambia pole. Akanitazama kana kwamba nimempa kitu kibovu.

"Pole nitaiandika wapi?" akasema, na akatoka kwenye mvua.

Basi mjue hivyo ndivyo kadi zile zilivyokuwa kwake. Kila mtu wa ofisini aliona ni mazoea ya mstaafu. Mimi nilijua.

Ofisi ilipopata programu ya kuhifadhi istilahi, mimi ndiye niliyekabidhiwa, kwa kuwa ndiye pekee niliyesoma maelezo yake hadi mwisho. Ni kitu rahisi kueleza. Kila dhana ina ukurasa wake, na ndani ya ukurasa kila lugha ina uga wake, yaani chumba cha kuwekea neno. Unapojenga hazina mpya ya maneno unachagua lugha kutoka orodha ndefu. Kiswahili kilikuwapo, Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, na lugha za Ulaya ambazo sijawahi kukutana na msemaji wake hata mmoja. Mwalimu alivuta kiti, akavaa miwani, akasoma orodha yote juu hadi chini, akarudi chini hadi juu.

"Hatumo," akasema.

"Kuna njia ya kuongeza, Mwalimu."

Njia ilikuwapo kweli. Ili kuunda uga wa lugha isiyo kwenye orodha ulipaswa kubomoa msingi wa hazina, kuuweka upya na lugha hiyo ndani, kisha kuhamisha kila kitu ukurasa kwa ukurasa. Siku mbili za kazi, tatu ukiwa makini. Bosi akapitisha kichwa mlangoni. "Bana, hiyo Kisuba ni nani atalipia? Mteja anataka Kiswahili. Usinichezee na time." Ila hakukataa maneno yaingie, mradi yasimpe gharama. Kwa hiyo nikatumia njia ya mkato. Nikachagua lugha ambayo nilikuwa na hakika hakuna mtu Nairobi atakayeihitaji, Kiaislandi, na kwenye kioo cha kompyuta nikabadilisha jina linaloonekana. Kwa nje pakasomeka Kisuba. Kwa ndani mashine ilikuwa inajua ni Kiaislandi, na haikutaka kujua lingine.

Nilimweleza ukweli wote, hilo najipongeza nalo. Akafikiri.

"Kwa hivyo sisi ni wapangaji."

"Kwa muda tu, Mwalimu. Nikipata nafasi nitawajengea chenu."

"Mwenye nyumba hatakuja?"

"Wa Iceland? Atoke huko aje Upper Hill?" Tukacheka sote wawili, na Mwalimu hakuwa mtu wa kucheka ofisini.

Nikamwongezea uga mwingine mdogo chini, nikauita Nani alisema. Huo aliupenda kuliko vyote. Tukaanza. Kila Alhamisi alikuja na kadi zake zimefungwa kwa raba, akanisomea herufi kwa herufi, nami nikapiga chapa. Sijui Kisuba. Nilikuwa nikiandika kama karani anayeandika majina ya watu ambao hatawaona. Lakini alikuwa hapiti neno kabla hajanieleza, na wakati mwingine tulikwama, kama siku ile ya mama wa plasta. Huyo alikuwa bibi kizee aliyelazwa mguu wenye plasta umening'inizwa, na alimpa Mwalimu neno la ile hali inayokuja homa ikishaondoka: unaweza kuketi, unaongea vizuri, lakini chakula kinakuangalia na wewe unakiangalia. Mwalimu alitaka Kiswahili chake kwa neno moja. Nikatafuta, nikauliza ofisi nzima, nikapiga simu Mombasa. Tukaacha chumba cha Kiswahili kitupu, na Mwalimu akaenda nyumbani amefurahi kama aliyeshinda mechi.

Ilituchukua karibu miaka miwili. Kadi zilipoisha aliniuliza afanye nini nazo, maana zilijaa katoni mbili za sabuni na chumba alitaka kumpa fundi wa viatu aweke ngozi zake.

"Za nini tena, Mwalimu?" nikamwambia. "Zikishaingia humu hazipotei." Nilisema hivyo. Hakuniuliza nani alisema, kwa sababu aliniamini.

Ijumaa moja bosi akaja na haraka zake. Mteja alitaka nakala ya hazina, nyepesi, isiyo na takataka. "Hii kitu iko na lugha mingi za bure. Toa zote hatutumii, maze, itume kabla ya saa kumi." Nikafungua orodha ya lugha. Na orodha ya kufutia, tofauti na kioo cha kazi, ilionyesha majina ya ndani. Nikaweka alama kwenye Kideni, kwenye Kifini, Kihangari, Kiaislandi, Kinorwe. Nakumbuka nilikuwa nawaza viatu vya mtoto, vya shule. Miaka miwili nilikuwa nikiona neno Kisuba kwenye kioo kila Alhamisi, na kile nilichokuwa nimekificha chini yake kilikuwa kimenitoka kabisa. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza Ndiyo. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu mwenye utaratibu, nikachukua diski yetu ya akiba, ile moja tuliyokuwa tukiandika juu yake tena na tena, na nikahifadhi nakala safi juu ya ile ya zamani.

Jumatatu ndipo nilipofungua ukurasa wa homa nikaona mapengo. Uga wa Nani alisema ulikuwa umejaa majina, mstari baada ya mstari, Mama huyu wa benchi la pili, Mzee yule wa wodi ya macho, na juu yao hakuna kitu. Nilitafuta kila pembe ya mashine ile. Nilimwita fundi wa kompyuta, akaja, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nina nakala nyingine. Sikumwambia bosi, angesema si hasara ya mteja, na ningempiga.

Alhamisi Mwalimu akaja. Nilikuwa nimejiandaa, haki ya Mungu, nilikuwa nimekariri maneno. Alipovuta kiti nikasikia sauti yangu ikisema, "Mashine ni mgonjwa leo, Mwalimu. Wanaishughulikia."

"Nani alisema?"

"Fundi."

Akatazama kioo kilichozimwa. "Sawa," akasema. Akafunga mkoba. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo, na mimi, niliyekuwa na namba yake ya simu, sikupiga. Kila wiki nilijiambia nitapiga ijayo. Mwaka haujaisha ofisi ikahamia Westlands, na hilo likanipa kisingizio kingine. Nikaajiriwa kwingine. Nikiwa na watu mezani, mtu akitaja hospitali, nilikuwa napoteza hamu ya kula.

Miaka mitatu baadaye nilikwenda Dagoretti kununua nyama ya mazishi ya jirani, kule machinjioni, na wakati wenzangu wanapakia nikaona miguu yangu inaelekea Waithaka, ambako si mbali na hapo. Sina maelezo mengine. Nilimkuta uani, amekonda, miwani imekuwa minene, kuku wamemzunguka. Hakushangaa kuniona.

"Mtu wa mashine," akasema. "Imepona?"

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mikono inanuka damu ya ng'ombe, yote: Kiaislandi, Ijumaa, viatu vya mtoto, diski, uongo wangu kuhusu fundi. Nilipofika kwenye pole nikakumbuka, nikainyamazia.

"Nilijua Alhamisi ile ile," akasema. "Yule fundi wa kompyuta alikuwa kwenye ngazi za ofisi. Nilimuuliza. Nikasema nitakungoja uniambie mwenyewe." Akawatupia kuku konzi ya mwisho ya makombo. "Umechukua muda."

"Na kadi, Mwalimu?"

"Nilikuwa nimewashia jiko. Zile mvua za Aprili, makaa yalikuwa mabichi. Nilizisoma moja moja nikiziweka motoni. Nilikuwa naziaga vizuri, kwa sababu nilijua ziko kwako."

Niliketi kwenye ngazi. Yeye akaingia ndani, akatoka na madaftari ya shule, yale ya jalada la bluu, manne. Alikuwa ameanza upya. Tangu wiki ile ile alikuwa amerudi geti lile lile na chupa ile ile ya uji, na wifi wake akalazwa tena. Nikafungua la kwanza. Mistari mingine ilikuwa imejaa. Mingi ilikuwa na jina tu upande wa kulia, na upande wa kushoto nafasi nyeupe, imepigiwa mstari kwa rula, inangoja.

"Hao ni waliokufa," akasema. "Majina nayakumbuka. Walichoniambia nimesahau. Nilikwambia wewe, nikajiruhusu kusahau."

Niligeuza kurasa. Mama wa plasta alikuwapo, ukurasa wa tatu, na mbele yake nafasi nyeupe.

Mwalimu akaketi karibu yangu, akavua kifuniko cha kalamu. "Wewe ulizipiga zote," akasema. "Kwa vidole vyako. Unakumbuka nini?"

Nilifumba macho. Nilijitahidi, jamani. Miaka miwili ya Alhamisi, na kilichokuja kwanza ni raba, na nusu za twiga, na harufu ya uji. Kisha likaja lile moja, la homa iliyokwisha na chakula kinachokuangalia. Nikalitamka. Sitaliandika hapa, nimeshaharibu ya kutosha. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Mkono wake ukafunika mdomo, akalisema mwenyewe, polepole, mara tatu, na kuku mmoja akageuka.

Lakini hakuliandika kwenye ile nafasi nyeupe. Alifungua ukurasa mpya, akaliandika juu, akaandika maana katikati, kisha akashusha kalamu chini, mahali pa jina.

"Ni la yule mama wa plasta," nikamwambia. "Yuko hapa, ukurasa wa tatu."

"Sikumbuki akiniambia. Wewe ndiye umeniambia." Akaanza kuandika jina langu, la kwanza, la pili, kwa ule mwandiko wa ubaoni. Akasimama. "La babako?"

Nikamtajia. Akaliandika. Akaongeza Waithaka, ngazini, na siku. Akapuliza wino ukauke, akashuka mstari mmoja, akaiweka kalamu tayari.

"Lingine," akasema.

Sikuwa na lingine.